Amka Nikubebe

Sifael: Haloo! Nani mwenzangu? Sema upesi, nina mzigo mgongoni.

Yuditha: Haloo? Haloo, shikamoo baba mdogo—

Sifael: Marahaba, marahaba. Namba siijui hii. Kama unataka majani ya ng'ombe, ya leo yameshauzwa yote, nashuka tena Kahe kesho asubuhi.

Yuditha: Sitaki majani. Ni mimi. Yuditha.

Sifael: Yuditha yupi?

Yuditha: Wa kaka yako. Wa Eliamini.

[Kelele za soko la Kiboriloni: mtu anatangaza ndizi, mwingine anapiga honi.]

Sifael: Basi naichukua marahaba yangu. Irudishe.

Yuditha: Usikate! Baba mdogo, nakuomba kwa jina la Mungu, usikate simu—

Sifael: Namba yako nimeizuia, ya baba yako nimeizuia, mkaona mniingilie kwa mlango wa jirani. Hii ya nani?

Yuditha: Ya mama Dominika. Yangu imezima, umeme hakuna tangu mvua ya jana. Baba mdogo, sikiliza. Baba ameanguka. Yuko huku mgombani, haongei, mkono wa kulia umekufa na mguu umekufa. Njoo na gari, tafadhali, njoo sasa hivi!

Sifael: [Anacheka, kicheko kikavu] Haa! Yaani neno kwa neno? Hata kubadilisha kidogo hamkuona haja?

Yuditha: Sio—

Sifael: "Baba mdogo, baba kaanguka mgombani, haongei." Ulikuwa na sauti nyembamba kama kifaranga wakati ule. Sasa umekomaa, lakini kazi ni ile ile. Haya, mko hewani? Wasalimie wasikilizaji.

Yuditha: Hatuko hewani! Kipindi kilishakufa, baba mdogo, redio walimwondoa, nani atatuweka hewani? Tumerudi kijijini kwa sababu Dar hatuna tena pa kukaa!

Sifael: Ndiyo maana mnatafuta kiki. Nimeelewa sasa. Baba yako, Mangi Kitochi wa redioni, anarudi mjini kwa kishindo, na punda wa kumbeba ni mimi yule yule.

Yuditha: Nilikuwa na miaka minane!

Sifael: Na mimi nilikuwa na akili zangu timamu, na nikakuamini! Niliacha gari la watu linanguruma katikati ya barabara, mlango wazi. Nikapanda huo mlima kwa miguu, nalia, kandambili moja imebaki mtoni. Nafika, kaka yangu kalala chali, mdomo kaupinda, macho juu. Nikapiga magoti kwenye matope. Nikamwambia, kaka, ulinibeba mimi mgongoni kuvuka mto kwenda shule, amka na mimi nikubebe. Amka nikubebe, kaka! Kumbe nyuma ya migomba wamejaa watu wa redio wanaziba midomo wasicheke.

Yuditha: Najua, baba mdogo. Nilikuwepo.

Sifael: Hujui! Mpaka leo nikipita hapa sokoni wauza ndizi wananiitia, "Amka nikubebe!" Wamelichapa kwenye fulana. Na yeye, mtu na akili zake, akaniweka kwenye simu yake. Ukimpigia, kabla hajapokea, badala ya kriii kriii unanisikia mimi nalia. Kaka wa namna gani huyo? Halafu leo nije?

Yuditha: [Analia] Hapumui vizuri. Anakoroma. Anakoroma na macho yako wazi.

Sifael: Hata siku ile kukoroma alikoroma.

Yuditha: Nifanye nini uniamini? Niambie, nifanye nini?

Sifael: Waite majirani. Mbona mmejaa huko?

Yuditha: Wamekuja! Wamekuja wakamwona mdomo umepinda, wakaanguka kucheka. Si ndio mdomo wake wa kwenye maigizo? Vijana wa bodaboda wamemrekodi wakaondoka, mmoja ananiambia, "Dada, sina mbavu." Nimepiga kituo cha afya, dada wa watu ameniuliza hiki kitaonyeshwa siku gani. Mama Dominika huyu, simu kanipa, halafu kaenda nyumbani kuvaa kitambaa kipya asije akatokea vibaya kwenye TV!

Sifael: Umeona sasa. Umeona mlichopanda.

Yuditha: Na mimi je? Unadhani mimi nimekula raha? Shuleni nikiumwa malaria mwalimu ananiambia, "Haya binti Kitochi, onyesho limeisha, rudi darasani." Nilizimia kwenye paredi wakanipigia makofi. Makofi, baba mdogo! Msiba wa mama, watu walikuja na simu mkononi, wanangoja afufuke kwenye jeneza. Mchungaji mwenyewe alikuwa anaangalia pembeni kama kuna kamera. Tangu nizaliwe sijawahi kulia mtu akaniamini. Sijawahi! Ni wewe tu. Wewe peke yako ndiye uliyewahi kuniamini nikilia, na ulikimbia ukaja. Nimekaa hapa kwenye matope nafikiria nimpigie nani, nikakosa mwingine.

[Mtandao unakwaruza.]

Sifael: Na nilipoamini nikafanywa nini?

Yuditha: Baba mdogo...

Sifael: Hapana, nijibu. Nilifanywa nini?

Yuditha: Ulifanywa kichekesho.

Sifael: Haya. [Kwa mtu wa pembeni] Weka hapo, weka, usinimwagie. [Kwenye simu] Sikia, Yuditha. Wewe sina ugomvi na wewe, ulikuwa mtoto, ulitumwa. Lakini baba yako anajua dawa yake. Bibi yako akiwa kitandani, siku zile za mwisho, alimwambia mbele yangu, "Eliamini, mpelekee mdogo wako isale, mmalize." Kwetu huku ukiletewa isale hukatai. Hata kama mtu kakuchomea nyumba, unanyamaza, mnakunywa mbege, yameisha. Unajua alijibu nini? Alisema atalileta kwenye kipindi, wapigiwe muziki.

Yuditha: Alikosa, baba mdogo, alikosa—

Sifael: Nikamwambia, kaka, umecheza na mimi, umecheza na machozi yangu, cheza na kila kitu ila hilo. Ukithubutu kulifanyia mzaha, mimi na wewe hata kaburini tutatazamana pembeni. Akanyamaza. Baba yako, yule mdomo mchana kutwa, akanyamaza kimya. Na hajawahi kulileta. Miaka yote hii nimekaa nasubiri kama mjinga.

Yuditha: Nitaleta mimi! Nitaleta, linauzwa wapi? Ni nguo? Au ndiyo hiyo mbege? Njoo kwanza, nitanunua hata kreti zima—

Sifael: Kreti la isale! Ruwa, Mungu wangu! [Anacheka, mara hii bila kupenda] Mtoto wa Dar wewe. Hakuna hata aliyewahi kukufundisha?

Yuditha: Nani anifundishe? Nimefundishwa kulia tu! Nilinunuliwa chipsi kuku kila nikilia vizuri. Sijui kitu cha huku hata kimoja, baba mdogo, sijui hata jina la mgomba nilioukalia. Nifundishe baadaye. Njoo!

Sifael: Mpe simu.

Yuditha: Nani?

Sifael: Baba yako. Mwekee sikioni. Nataka nimsikie.

Yuditha: Haongei—

Sifael: Mwekee!

[Vishindo. Majani yanachakarika. Pumzi nzito, ya kukoroma.]

Sifael: Eliamini. Acha upuuzi. Ni mimi, Sifael. Ongea.

[Mkoromo. Kisha sauti isiyo neno, "Mmmfa... mmmfa...", inarudiwa, inakatika.]

Sifael: Mpe mtoto simu.

Yuditha: Umesikia? Umemsikia?

Sifael: Nimemsikia. Sauti ile ile. Hata povu la mdomoni nilikuwa naliona. Hodari, kaka yangu, hajazeeka. Mwambie nimempa maksi zote. Kwaheri, Yuditha.

Yuditha: Hapana! Hapana, baba mdogo, usi— baba! Baba, usilale, nitazame! Nipe mkono nikugeuze. Nipe huo mzima, baba. Achia hilo jani, jamani, achia nikushike mkono!

[Kimya.]

Yuditha: Haloo? Umekata? Mungu wangu, amekata...

Sifael: Jani gani?

Yuditha: Upo? Upo bado?

Sifael: Umesema aachie jani. Jani gani?

Yuditha: Achana na jani, ni uchafu tu ameshika! Mkono huu wa kushoto ndio mzima, nataka nimgeuzie ubavu, amekakamaa na jani lake hataki—

Sifael: Yuditha. Tulia. Jani gani?

Yuditha: Refu! La kijani, refu kama upanga, la hapa mpakani. Haya mliyoyapanda kama uzio, hapa juu ya mfereji. Nimemkuta ameanguka katikati yake, kisu kiko chini.

Sifael: [Taratibu] Likoje? Limenyooka?

Yuditha: Halijanyooka, amelifunga. Amelifunga fundo katikati. Kwani vipi? Lina sumu? Baba mdogo, lina sumu?

[Soko la Kiboriloni linaendelea na kelele zake.]

Yuditha: Haloo?

Sifael: Nani kakwambia useme hivyo?

Yuditha: Niseme nini?

Sifael: Habari ya jani lenye fundo. Nani kakufundisha?

Yuditha: Umeniuliza mwenyewe! Sielewi unachoniuliza, baba mdogo, mimi nakuomba gari wewe unaniuliza majani! Asubuhi kaamka amevaa koti lake la kanisani, nikamuuliza wapi, akasema anashuka Kiboriloni, kuna mtu anakwenda kumwona. Nikacheka. Nikamwambia mzee, una onyesho? Akasema leo hakuna onyesho. Akatoka na kisu, basi. Nilidhani anakata ndizi...

Sifael: Kavaa koti la kanisani.

Yuditha: La kijivu. Limejaa matope lote.

Sifael: Usimfungue mkono.

Yuditha: Lakini nimgeuze—

Sifael: Mgeuze kwa bega, mlaze ubavu, matapishi yasimrudie. Mkono usiuguse! Liache hapo hapo lilipo. Umesikia mwanangu? Akilishika, aendelee kulishika. [Anapiga kelele pembeni] Shusheni hayo majani! Yote! Mwageni hapo hapo chini! Nimesema mwageni, nitakuja kuyaokota mwenyewe!

Yuditha: Unakuja?

Sifael: Funguo. Funguo yangu iko wapi— wewe, nipe funguo! Nakuja, nakuja.

Sauti ya mtu sokoni: Sifael vipi, unalia? Oyaa, tazameni, "Amka nikubebe" kaanza tena!

[Vicheko.]

Yuditha: Wanacheka huko?

Sifael: Waache wacheke.

[Mlango wa gari. Injini inakohoa, inakataa, inakohoa tena, inawaka.]

Yuditha: Baba mdogo, salio la mama Dominika linaisha, limeshapiga mlio—

Sifael: Kata. Nakupigia mimi. Kata!

[Simu inakatika. Inaita tena.]

Yuditha: Haloo! Umefika wapi?

Sifael: Nimepita kanisani, nimeanza kupanda. Barabara imekuwa uji. Nimeweka spika, ongea kwa nguvu. Umemlaza ubavu?

Yuditha: Nimemlaza. Nimemwekea kanga yangu kichwani. Mvua inaanza tena.

Sifael: Anakutazama?

Yuditha: Jicho moja.

Sifael: Mwite jina. Usimwite baba, watu wengi wamemwita baba kwa mzaha. Mwite Eliamini.

Yuditha: Siwezi kumwita baba yangu jina!

Sifael: Leo ruksa. Mwite.

Yuditha: Eliamini. Eliamini! Baba... ametikisa. Ametikisa jicho! Baba mdogo, njoo haraka, hivi kwa nini sikumwamini asubuhi? Kaniambia leo hakuna onyesho, na mimi nikacheka. Nimecheka kama wao!

Sifael: Sasa hivi acha hayo. Utalia baadaye, nitakaa na wewe tulie wote. [Injini inanguruma, tairi zinazunguka bure] Panda, panda wee gari, panda!

Yuditha: Imekwama?

Sifael: Haijakwama. Ikikwama nakuja kwa miguu, njia naijua. [Injini inashika] Imetoka. Yuditha, mwekee tena simu sikioni.

Yuditha: Betri ina kistari kimoja.

Sifael: Mwekee, sichelewi.

[Pumzi. Mvua juu ya majani ya migomba.]

Sifael: Kaka. Ni mimi. Najua unanisikia. Nimeambiwa ulichoshika. Usihangaike kunitafuta mjini, mimi mwenyewe niko njiani, nimeshafika kwa mzee Isack, karibu na pale ulipokuwa unanivusha. Kaka, nimelipokea. Umesikia? Isale lako nimelipokea. Yameisha. Hakuna deni, hakuna neno. Ila usiniletee habari nyingine leo. Ningoje. Nitakubeba mimi, hata hilo gari likilala hapa nitakubeba.

["Mmmfa... mmmfa... el." Kisha pumzi tu.]

Yuditha: Baba mdogo?

Sifael: Niko hapa.

Yuditha: Alikuwa anakuita. Tangu mwanzo alikuwa anasema jina lako. Nimelisikia sasa hivi.

Sifael: [Injini inanguruma kwa nguvu zaidi]

Yuditha: Kwani umemwambia nini?

Sifael: Nitakuambia nikifika. Kwa nini?

Yuditha: Ameachia.

Sifael: Ameachia nini?

Yuditha: Jani. Mkono umefunguka wenyewe. Nilikuwa navuta kwa nguvu zangu zote haufunguki, sasa umefunguka taratibu, jani limedondoka kwenye kanga.

Sifael: Yuditha. Anapumua?

Yuditha: Mvua inapiga kelele, sisikii—

Sifael: Weka sikio kifuani! Weka sikio, mwanangu! Anapumua?

Yuditha: Ngoja. Ngoja nisiki—

[Simu inakatika.]

Sifael: Haloo? Yuditha! Haloo? Haloo?

Sauti ya mtandao: Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye.

Sifael: Baadaye! Baadaye ipi? [Anabonyeza] Ya kwake... ya Eliamini. Si iko mfukoni mwake, kwenye koti. Iko wapi hii namba, niliizuia... hii hapa. Toka. Toka, nimekufungua.

[Simu inaita upande wa pili. Hakuna kriii kriii. Sauti ya mwanamume kijana, ya redio, yenye mikwaruzo, inalia.]

Sauti ya Sifael kwenye mlio: Kaka! Kaka yangu jamani! Ulinibeba mimi, amka na mimi nikubebe! Amka nikubebe, kaka!

Sifael: Pokea, Yuditha. Iko kwenye koti, mfuko wa kushoto kama siku zote, pokea.

Sauti ya Sifael kwenye mlio: Kaka! Kaka yangu jamani!

Sifael: Nayaona masale. Nimefika mpakani, kaka, nayaona. Namwona mtoto, kasimama kwenye mvua, mikono iko juu. Ananipungia... ananipungia au ameshika kichwa? Mbona sioni vizuri. Yuditha! Pokea simu!

Sauti ya Sifael kwenye mlio: Amka na mimi nikubebe! Amka nikubebe, kaka!

Sifael: Pokea, kaka. Pokea basi.